Hodi Kati ya Mashine Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, saa ileile ya kuingia kazini. Nimefika viatu vimelowa, nikaificha miguu chini ya meza hadi ikakauka yenyewe.

Kazi niliyopewa ni hii. Kampuni yetu huandaa mishahara ya watumishi wa taasisi nyingine. Seva ya kwanza ikishaandika malipo ya mtu mmoja, haiendi kwa mwingine mpaka seva ya akiba, iliyo upande wa pili wa chumba, ijibu kwamba nayo imeandika. Watu ni maelfu, na kwa kila mmoja mashine hizo huulizana na kujibizana mara nyingi. Ucheleweshaji usioonekana kwa macho hujikusanya ukawa asubuhi nzima. Mwezi uliopita mishahara iliyotakiwa kuwa tayari alfajiri ilitoka adhuhuri, na simu zililia hadi mpokea simu akalia nazo.

Meneja anataka nilinganishe. Nyaya za sasa zinachelewesha kiasi gani, na zile mpya za kasi, anazotuuzia bwana mmoja wa tai ndefu, zinachelewesha kiasi gani. Kupima kwenyewe si kugumu. Mashine moja inapiga hodi, nyingine inaitikia karibu, programu inahesabu muda uliopita katikati.

"Usiniletee hadithi," meneja aliniambia. "Niletee namba."

"Ndiyo, mama."

Niko kwenye majaribio hadi mwisho wa Mei. Shemeji ndiye aliyeniombea nafasi hii. Ninaishi kwake na dada, nalala sebuleni, na kila asubuhi ananiuliza kama bosi amenisifu, kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Nimesoma maelekezo ya swichi, kile kisanduku kinachounganisha nyaya za mtandao. Sikuzungumza na mtu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeshuka chumba cha seva. Kuna baridi ya kiyoyozi na mlio mmoja usiokatika, kama watu wengi wanaovuta pumzi bila kuitoa. Mwenye chumba ni fundi ambaye jina lake halisi hakuna anayelitumia. Wote humwita Nyaya. Ni mtu mzima, mnene, sauti yake hufika kabla yake. Kila waya humo aliuvuta yeye, na kila ncha ameifunga kikaratasi chenye mwandiko wake wa herufi kubwa.

"Wewe ndiye uliyetumwa kunipima?"

"Kupima nyaya, fundi. Si wewe."

"Nyaya na mimi ni mwili mmoja. Haya, dogo, pima. Ukikuta homa uniambie mapema."

Nilicheka kwa kuchelewa, yeye akiwa ameshageuka. Ninamwogopa. Watu wenye sauti kubwa hunifanya nisahau nilichotaka kusema.

Ijumaa, 14 Machi

Nyaya za sasa: mikrosekunde tisini, kutoka hodi hadi karibu. Sekunde ikikatwa vipande milioni, ni vipande tisini. Kope haijaanza hata kufikiria kufumba.

Nyaya alichungulia skrini. "Mwenda pole hajikwai. Andika na hilo kwenye ripoti."

Nilimuuliza liandikwe ukurasa gani. Alicheka mpaka akashika kabati.

Jumatano, 19 Machi

Barabara imekatwa na maji. Seva mpya za muuzaji, za kujaribia nyaya zake, zilikuwa ziwe mbili. Imefika moja, nyingine iko ndani ya lori mahali fulani. Imewekwa juu ya meza kwenye chumba kitupu cha ghorofani.

Muuzaji hakutaka kusubiri. "Kadi za mtandao, hizi zinazochomekwa waya, si ziko mbili hapa? Zitie zote kwenye mashine hiyohiyo. Kila moja ipe anwani yake, unganisha kwa waya mfupi, hii ipige hodi, ile iitike. Kadi haijui iko nyumba ya nani."

Nikaona ni sawa. Kusema kweli nilifarijika kuambiwa la kufanya.

Ijumaa, 21 Machi

Kumi na mbili.

Nimerudia kutwa nzima. Nimebadilisha ukubwa wa vifurushi vya data vinavyotumwa, nimezima mashine na kuiwasha. Kumi na mbili, mara chache kumi na tatu. Nimeandika ripoti, nimeisoma upya kutafuta makosa ya tahajia, nimeituma.

Shemeji alipiga meza. "Tisini kwa kumi na mbili! Shemeji, umeua!"

"Hajaua mtu," dada alisema. "Mwache ale."

Jumatatu, 24 Machi

Mkutano wa wafanyakazi wote. Meneja aliinua ripoti yangu juu. "Huyu binti hajamaliza hata mwezi hapa. Nilimwomba namba, ameniletea namba. Hakuniletea 'nadhani', hakuniletea 'labda'." Wakapiga makofi. Nilitazama meza.

Kisha, kwa sauti ileile, akasema chumba cha seva cha chini kitafungwa. Mkataba wa vifaa vipya utasainiwa katikati ya Mei, na watu wa muuzaji ndio watakaovihudumia. Kwa hiyo fundi wetu, tunayemshukuru sana kwa utumishi wake, atamaliza mwisho wa Aprili.

Nyaya alikuwa amekaa karibu na mlango. Alikuwa akinipigia makofi mimi, na habari ilimkuta mikono yake haijaacha.

Jumanne, 25 Machi

Nilishuka kuchukua kifaa nilichokisahau. Nilitumaini hayupo. Alikuwepo.

"Dogo. Umenizika kwa namba mbili. Wenzako huhitaji jeneza."

"Samahani, fundi."

"Samahani ya nini? Umeongopa?"

"Hapana."

"Basi. Ningekuwa mimi ndiye meneja ningefanya hivyohivyo. Mke wangu ndiye sijui nitamwambiaje. Huyo hasikii habari za mikrosekunde." Akanionyesha namna ya kukunja waya bila kuuvunja ndani: duara moja kwenda, duara moja kurudi. Akanifanya nirudie mpaka nikaweza. Sikujua kwa nini anajisumbua nami.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua ya jana haikukatika, na leo paa la ghorofani limevuja. Matone yalikuwa yanaangukia hatua chache kutoka kwenye meza ya seva mpya. Mlinzi alimwita Nyaya atusaidie kuisogeza, maana mgongo wake ndio pekee unaotosha.

Nilikuwa nimeacha kipimo kinaendelea tangu asubuhi, kuona kama joto la chumba linabadilisha kitu. Mistari ilikuwa inapanda kwenye skrini: hodi, jibu, kumi na mbili, hodi, jibu, kumi na mbili.

"Huu mfupi nauchomoa," Nyaya alisema, "tusije tukaukanyaga."

"Chomoa."

Akauchomoa ncha zote mbili, akauning'iniza shingoni kama daktari. Akainama kusukuma meza.

Mistari iliendelea kupanda. Hodi, jibu, kumi na mbili.

Nilidhani skrini imechelewa. Nikasubiri. Kumi na mbili. Nikatazama nyuma ya mashine: matundu mawili wazi, taa zake zimezimika, hakuna kitu kilichochomekwa. Kumi na mbili. Waya ulikuwa shingoni mwa Nyaya, unacheza anaposukuma, na mashine ilikuwa ikijibiwa na kadi isiyoweza kuifikia.

Nilielewa kabla meza haijafika ukutani. Anwani zote mbili ni za mashine moja, na mashine inazijua kuwa ni zake. Mtu akijipigia hodi nyumbani kwake hana haja ya kutoka nje azunguke mlangoni. Anajiitikia karibu palepale kitandani. Hodi zangu zote hazikuwahi kugusa waya. Kumi na mbili si kasi ya kifaa kipya. Ni muda wa mashine kuzungumza peke yake.

"Vipi, mitambo iko sawa?" Nyaya aliuliza. Alikuwa ameipa skrini mgongo.

"Iko sawa."

"Kweli? Uso umekuwa kama umeona maiti."

"Njaa tu, fundi."

Akatoa kipande cha mkate kwenye mfuko wa koti, akakikata, akanipa kikubwa. Nilikila mbele yake. Nilikihisi mdomoni kama kitu kilichokaa tu, bila ladha yoyote. Akaurudisha waya mahali pake, tundu hili na tundu hili, akasukuma mpaka ukalia *tak*. Taa zikawaka. Kwenye skrini hakuna kilichobadilika.

Nilidhani nitalia nikifika nyumbani. Sikulia. Ni ganzi, kama ya mguu uliokaliwa: unauona ni wako, unaugusa, hausemi kitu.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Sikusema.

Jumanne, 8 Aprili

Nilifika mpaka mlango wa meneja. Alikuwa kwenye simu, akaniashiria ningoje. Nikangoja. Alipomaliza akasema, "Enhe, mtaalamu wangu?" Nikamuuliza kama anataka nakala nyingine ya ripoti. Akasema ndiyo. Nikamchapia.

Ijumaa, 11 Aprili

Dada ananiambia nimekonda. "Kuna mwanamume?"

"Hapana."

"Kuna nini basi?"

"Mvua."

"Mvua inatunyeshea sote, mdogo wangu, mbona mimi nanenepa?"

Shemeji alicheka. Nami nikaonyesha meno.

Alhamisi, 17 Aprili

Seva ya pili imefika, imejaa tope mpaka kwenye kifuniko. Sasa ziko mbili kweli, na waya unatoka kwenye hii kuingia kwenye ile. Nilipima muuzaji akiwa amesimama nyuma yangu.

Arobaini na nane.

"Nzuri," alisema. "Karibu nusu ya tisini."

"Ripoti inasema kumi na mbili."

"Ripoti imeshasomwa. Nani husoma ripoti mara mbili?"

Nikamweleza habari ya anwani mbili za mashine moja. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida, kama ninayesoma maelekezo. Aliikunjua ncha ya tai yake, akaikunja tena.

"Sikujua," alisema. Namwamini. "Lakini sasa najua mimi, na wewe unajua. Tukishajua wawili, wa tatu wa nini? Una miezi mingapi hapa?"

"Inakaribia miwili."

"Basi kuwa na akili ya miezi miwili."

Jumanne, 22 Aprili

Hakuna aliyeniomba nilichofanya leo.

Nimesoma kwamba kadi kama zetu za zamani zina tabia ya kungoja. Hodi ikifika, kadi haiiamshi mashine papo hapo. Inasubiri nyingine zije ili iiamshe mara moja kwa zote, kama mtu wa mapokezi anayekusanya barua mpaka mkono ujae ndipo apande ngazi. Kwenye kadi mpya muuzaji alikuwa ameshaizima tabia hiyo. Kwetu hakuna aliyewahi kuigusa. Tulikuwa tunaulaumu waya kwa uvivu wa mtu wa mapokezi.

Wakati wa chakula, Nyaya hayupo, mashine hazina kazi, nikaizima pande zote mbili. Nikapima.

Hamsini na tano.

Arobaini na nane kwa hamsini na tano. Kwa tofauti hiyo hakuna anayefunga chumba wala kumwachisha mtu kazi. Nilikaa nikiitazama namba hiyo. Nilitegemea kuhisi kitu, hata woga wangu wa kawaida. Kisha nikarudisha kila kitu kama nilivyokikuta, nikapanda juu.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua.

Jumatano, 30 Aprili

Tumemuaga Nyaya. Soda, viti vya plastiki, hotuba fupi ya meneja. Yeye akasema: "Nawaachia nyaya zangu. Msizivute kwa hasira, zina kumbukumbu." Watu wakacheka. Akakabidhi funguo. Alipofika kwangu aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Dogo, usiogope watu namna hii. Wengi wao hata hawakuangalii."

Nikasema ahsante.

Ijumaa, 2 Mei

Chumba cha chini kimefungwa. Ukipita mlangoni bado kinanguruma.

Jumatatu, 5 Mei

Mpokea simu alikuwa anamsimulia mlinzi, wala si mimi. Nyaya amerudisha nyumba aliyopanga. Jumamosi mkewe na watoto wamepanda basi kwenda kwa wazazi wa mke, wataandikishwa shule hukohuko. Yeye amebaki, analala kwenye karakana ya mdogo wake anayetengeneza feni.

"Na yule mke hakutaka kwenda," mpokea simu alisema. "Alisema tungoje hata mwezi, huenda kazi ikapatikana. Mwanamume akasema hapana, namba ni namba."

Jumanne, 6 Mei

Meneja aliniita asubuhi. Juu ya meza yake kulikuwa na karatasi moja.

"Sijazoea kufanya hivi kabla ya wakati," alisema. "Lakini nakuthibitisha kazini. Weka sahihi hapo chini."

Sikuamua kusema. Niliishika kalamu na mdomo ukasema, "Mama, ile kumi na mbili si kweli."

"Si kweli vipi?"

"Naomba tupande juu nikuonyeshe. Kwa maneno sitaweza."

Alipanda ngazi mbele yangu. Nilizitia kadi zote mbili kwenye mashine moja, kama mwanzo, nikaunganisha waya mfupi, nikawasha kipimo. Kumi na mbili. Nikamwomba achomoe waya yeye mwenyewe. Akauchomoa, akausimamisha mbele ya uso wake kama nyoka aliyekamatwa. Mistari ikaendelea kupanda. Akaitazama, akautazama waya, akaitazama tena.

"Inamjibu nani?"

"Inajijibu."

Nikampa namba za kweli. Arobaini na nane, na ile hamsini na tano ya chumba cha chini. Nikamweleza habari ya mtu wa mapokezi na barua. Alielewa mara moja. Si mtu wa kurudiwa.

"Muuzaji anajua?"

"Tangu seva ya pili ilipofika."

"Na wewe? Uliona lini?"

"Siku paa lilipovuja."

Alikaa kwenye kiti pekee kilichokuwepo. "Paa lilivuja mwanzoni mwa Aprili. Nimelipia matengenezo mimi. Ulikuja ofisini kwangu baada ya hapo. Ulikuja ukaniuliza kama nataka nakala."

"Ndiyo, mama."

"Nikakupigisha chapa uongo mara ya pili."

Niliutazama waya mkononi mwake.

"Ningekuwa na hasira ningejua la kukufanya," alisema. "Kukosea kila mtu hukosea, mimi nami niliishika karatasi hiyo nikaitikisa mbele ya watu. Lakini ulimwona yule baba anarudisha funguo, ukanywa soda." Akanirudishia waya. "Mkataba sisaini. Kazi unabaki nayo, kwa sababu nikikufukuza utakwenda kunyamaza kwa mwingine. Kesho utamfuata fundi, umwambie wewe, kwa mdomo wako. Umwambie nafasi yake ipo. Umwambie na siku uliyojua."

Jumatano, 7 Mei

Karakana iko nyuma ya duka la mbao. Feni zimepangwa ukutani bila mapanga yake. Nyaya alikuwa amekaa kwenye kindoo kilichofunikwa, anafunga waya wa shaba kwenye mota. Kwenye kona kulikuwa na godoro lililokunjwa na begi.

"Dogo! Nani kakuelekeza huku? Kaa, kaa hapo, hicho cha mafuta usikikalie."

Nilisema nikiwa nimesimama. Nilisema yote kwa mpangilio, kama ripoti. Hakunikatiza. Mkono wake uliendelea kuzungusha waya kwenye mota, kisha ukapunguza, kisha ukasimama.

"Siku ile nimeuvaa shingoni?"

"Ndiyo, fundi."

"Nikakuuliza mitambo iko sawa."

"Uliniuliza."

"Ukasema iko sawa." Alisema taratibu, kama fundi anayetafuta mahali waya ulipokatikia. "Nikakupa mkate."

"Ndiyo."

Nilingoja sauti yake kubwa. Nilikuwa nimejiandaa nayo njia nzima. Haikuja. Aliondoa uchafu kwenye kidole chake.

"Watoto wameanza shule Jumatatu," alisema. "Mdogo kalia, kasema mwalimu anaongea haraka. Ungeniambia hata siku ya soda, ningewazuia. Hata Ijumaa. Walikuwa hawajafunga mabegi."

"Samahani, fundi."

Mara hii hakuniuliza samahani ya nini.

"Mwambie bosi nitakuja Jumatatu," alisema. "Sina namna ya kukataa." Akarudi kwenye mota.

Nyumbani nilimwambia shemeji. Alisukuma sahani. "Mimi ndiye niliyekuombea! Nitamtazamaje yule mama?" Kisha: "Ningejua ningekuombea duka la nguo. Huko hakuna waya."

Dada alicheka, akaona mimi sicheki, akaacha. Akaja kukaa karibu nami mpaka sahani zikapoa. Hakuuliza kitu.

Jumatatu, 12 Mei

Amerudi. Chumba kimefunguliwa. Amenisalimia, "Habari za asubuhi, karani." Nikaitikia nzuri.

Jumatano, 21 Mei

Mvua zinakatika. Tumezima tabia ya kungoja kwenye kadi zote, yeye akishika taa, mimi nikiandika amri. Anajibu kila ninachomuuliza. Haongezi. Wengine wakishuka sauti yake bado hujaa chumba kizima, na mlinzi husimama mlangoni kucheka. Nikibaki peke yangu naye tunasikia kiyoyozi.

Familia bado iko kule. Wanangoja muhula uishe, nimesikia.

Ijumaa, 30 Mei

Mwisho wa mwezi. Mishahara ilianza kuandikwa jana usiku, na jua lilipochomoza ilikuwa imekwisha. Mpokea simu alikaa na simu kimya mbele yake, akaishika kuona kama ni nzima. Meneja alishuka, akasema, "Vizuri," akatutazama wote wawili, akapanda.

Baadaye Nyaya akasema tupime tena, kwa ajili ya kumbukumbu. Nilikaa kwenye skrini. Yeye alisimama na kalamu na karatasi yake. Nikawasha kipimo, namba zikaanza kupanda, nikafungua mdomo kumsomea.

"Chomoa kwanza," alisema.

Niliinuka, nikaenda nyuma ya kabati, nikaushika waya wenye kikaratasi cha mwandiko wake, nikauchomoa. Niliporudi alikuwa amenipita, ameinama usoni mwa skrini. Mistari ilikuwa imesimama. Alingoja, muda mrefu kuliko inavyohitajika, akiutazama mstari wa mwisho usio na jibu.

"Rudisha."

Nikarudisha. Hamsini na tano. Hamsini na tano. Hamsini na sita.

Sikumsomea. Alizisoma mwenyewe, akaziandika.